Unafanya mazoezi lakini uzito haukai sawa: tafuta kasoro kabla ya kubadili ratiba

Watu wengi wakiona mizani haisogei huongeza mazoezi. Wakiona bado, huongeza tena, kisha goti linaanza kuuma na safari inaishia hapo. Wamehangaika na kitu pekee walichokuwa wakikifanya vizuri, na vingine vyote hawakuvigusa. Mwongozo huu unakwenda kwa njia nyingine: tafuta malalamiko yanayofanana na yako, kagua sababu kwa mpangilio zilivyoandikwa, na usirekebishe chochote kabla hujajua kilichoharibika ni kipi.

Kuna jambo la kukubaliana mapema, maana linaokoa masikitiko mengi. Mazoezi peke yake hupunguza uzito kwa shida, lakini huuzuia vizuri sana usipande. Anayetegemea mbio zimtoe kilo kumi bila kugusa sahani yake atavunjika moyo. Anayetaka tu mwaka ujao umkute na uzito alionao leo ana nafasi nzuri mno. Kwa hiyo kabla ya kusema mazoezi yamekushinda, jiulize uliyapa kazi gani.

Kwanza: una tatizo kweli?

Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa kimo chako kwa mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Jibu likiangukia kati ya 18.5 na 24.9, Shirika la Afya Duniani linauhesabu kuwa uzito wa kawaida kwa mtu mzima. Kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Mwenye kimo cha mita 1.70 ana uwanja wa kuanzia kilo 53.5 hadi 72. Uwanja huo ni mpana, wala hakuna sheria inayosema lazima ukae katikati yake.

Kipimo hiki kilitokana na hesabu za Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19. Yeye alikuwa akichunguza watu kwa wingi wao, hakuwa akimtibu mtu mmojammoja, na hesabu yake haiwezi kutofautisha kilo ya misuli na kilo ya mafuta. Ndiyo maana uwe na utepe pia. Uzungushe kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida, soma. Usivute tumbo ndani. Kila mtu huvuta. Kiuno kikiwa chini ya nusu ya kimo chako, mafuta ya tumboni hayajawa tishio kubwa. Kwa huyo wa mita 1.70, mpaka ni sentimita 85.

Vipimo vyote viwili vikiwa sawa na unachohangaikia ni kilo mbili za picha ya zamani, huna kasoro ya kutafuta. Endelea na unachofanya.

"Nimeanza mazoezi, uzito ukapanda"

Hayo ni maji, na katika wiki za mwanzo ni karibu kila mara. Misuli isiyozoea kazi hupata majeraha madogo yasiyoonekana, na mwili hupeleka maji huko wakati wa kuyatengeneza. Wakati huohuo misuli inajifunza kuweka akiba kubwa zaidi ya wanga kwa ajili ya kazi mpya, na kila gramu moja ya akiba hiyo hubeba takriban gramu tatu za maji. Kilo moja inaweza kuongezeka namna hiyo bila mafuta kuongezeka hata kidogo. Mlo wenye chumvi nyingi jana usiku, choo kilichokawia, na siku za kuelekea hedhi, vyote hufanya vilevile.

Kwa hiyo kinachokaguliwa hapa ni namna unavyojipima. Mizani ikae juu ya sakafu ngumu, kamwe si juu ya zulia. Jipime asubuhi, umeshatoka msalani, hujala wala kunywa, ukiwa na nguo nyepesi zilezile. Andika namba na usiifanyie tafsiri yoyote siku hiyo. Mwisho wa wiki tafuta wastani wa siku saba.

Tazama mfano huu. Wiki ya kwanza, kuanzia Jumatatu: 78.4, 79.1, 78.2, 78.9, 78.7, 78.5, 78.4. Wastani ni 78.6. Wiki ya pili: 78.5, 78.1, 78.8, 78.0, 78.4, 78.2, 78.1. Wastani ni 78.3. Mtu huyu anapungua, tena kwa mwendo mzuri. Lakini angekuwa anajipima Jumatano peke yake, angesoma 78.2 kisha 78.8, akaamini amenenepa zaidi ya nusu kilo, na jioni hiyo angeruka mlo au angeacha kila kitu. Mizani ile haikuwa na kosa lolote.

Mwanamke anayepata hedhi alinganishe wiki ya mzunguko na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Kulinganisha wiki ya kabla ya hedhi na wiki ya baada yake ni kujisumbua bure. Na ukiona namba inakuharibia siku nzima, jipime mara moja kwa wiki, au achana na mizani kwa muda ubaki na utepe.

Rekebisho: subiri wiki nne bila kubadili kitu. (Na kwa wanaojifunga nailoni tumboni ili watoke jasho zaidi: kinachopungua pale ni maji, na kinarudi ukinywa glasi ya pili.)

"Wiki ya nane sasa, sikosi hata siku, na mizani imegoma"

Haya ndiyo malalamiko makubwa, na sababu zake hujificha. Zipitie moja baada ya nyingine.

*Huenda ulitarajia mno.* Mtu wa kilo 70 akitembea saa nzima kwa mwendo wa kilomita tano kwa saa hutumia kalori kama 245. Lakini kama 70 kati ya hizo angezitumia hata kama angekaa kitini saa hiyohiyo, kwa sababu moyo, ubongo na ini havilali. Faida halisi ni kama 175. Siku tano kwa wiki ni 875. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Gawanya: karibu wiki tisa kwa kilo moja, na hapo tumedhani kwamba hujabadili chochote kingine katika maisha yako, jambo ambalo halitokei. Kama ulitarajia kilo moja kwa wiki kutokana na kutembea peke yake, mwili wako hauna hitilafu. Hesabu ndiyo iliyokosewa.

*Huenda unaiamini saa ya mkononi.* Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichunguza vifaa saba vya kuvaa mkononi mwaka 2017. Kupima mapigo ya moyo viliweza vizuri, lakini kwenye kalori kile kilichokuwa sahihi kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibaya zaidi asilimia 93. Namba za kwenye mashine za jimu nazo zichukuliwe kwa tahadhari hiyohiyo. Saa ifuatilie muda na mapigo, na ile safu ya kalori ufanye kama haipo, hasa kama huwa unaitazama kabla ya kupakua chakula.

*Huenda unajilipa.* Hii ndiyo sababu ninayoishuku kabla ya zote, na ndiyo inayokanushwa kwa sauti kubwa zaidi. Chupa ya nusu lita ya kinywaji chenye sukari ina kalori kama 200. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kama 120. Saa nzima ya kutembea imeshafutika ndani ya dakika tatu, na hakuna aliyefanya ulafi. Mwaka 1992 madaktari mjini New York waliwachunguza watu wanene waliosema hawapungui hata wakila kidogo. Walipopimwa kwa njia za maabara, ilionekana chakula walichoripoti kilikuwa pungufu ya walichokula kwa asilimia 47 hivi, na mazoezi waliyaripoti kwa kuzidisha asilimia 51. Miili yao ilikuwa ikichoma nishati kawaida. Sioni sababu ya kuwaita waongo. Kumbukumbu ya mtu haihesabu vijiko, haihesabu vilivyomegwa jikoni wakati wa kupika, wala mabaki yaliyomaliziwa kwenye sahani ya mtoto.

Ukaguzi wake: kwa siku saba piga picha kila kinachoingia kinywani, kabla hakijaingia, vinywaji vikiwemo. Usibadili mlo wowote wiki hiyo. Mwishoni zipitie picha zote kwa mkupuo mmoja. Huhitaji kuhesabu kalori. Malipo yataonekana yenyewe, mara nyingi ndani ya saa mbili baada ya mazoezi na usiku baada ya mlo mkuu.

*Huenda saa zile nyingine 23 zimelala.* Mtu anakimbia alfajiri, anarudi amejisikia ameshamaliza kazi ya siku. Anapanda lifti ghorofa mbili. Mchana anaagiza kitu aletewe mezani. Anaketi tangu alasiri hadi kulala, na mguu aliokuwa akiutikisatikisa chini ya meza umetulia kwa uchovu. Hakuna alichoamua; mwili ndio umejipunguzia. Uzito wa jambo hili ulionekana mwaka 1999, James Levine na wenzake huko Marekani walipowalisha watu 16 kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki nane. Aliyeongezeka mafuta kidogo kuliko wote alipata gramu 360. Aliyeongezeka zaidi alipata zaidi ya kilo nne. Chakula cha ziada kilikuwa kilekile. Kilichowatofautisha zaidi ni misogeo isiyo mazoezi: kusimama, kutembeatembea, kutotulia.

Ukaguzi: linganisha hatua zako za siku ya mazoezi na za siku ya mapumziko, ukiondoa zile za mazoezi yenyewe. Kama siku ya mazoezi zimepungua sana, umeipata kasoro. Rekebisho halihitaji nguo za michezo: simama unapopokea simu, shuka kituo kimoja kabla, nyanyuka kila baada ya dakika 30 hivi. Lile lengo la hatua 10,000, kwa taarifa, lilienea kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, halikutoka maabara. Kama sasa unatembea hatua 4,000, lenga 6,000.

*Na huenda ni mwili wenyewe.* Herman Pontzer na wenzake walipima nishati inayotumiwa na Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania, watu wanaowinda na kuchimba mizizi, wanaotembea kwa siku kuliko wakazi wengi wa mijini. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2012, yaliwashangaza wengi: ukizingatia ukubwa wa mwili, Wahadzabe walitumia nishati kwa siku sawa na watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili ni kama mhasibu bahili. Ukiongeza matumizi upande mmoja, unabana kimyakimya upande mwingine. Wataalamu bado wanabishana kuhusu kiasi cha ubanaji huo, lakini somo la vitendo liko wazi: kuongeza mazoezi juu ya mazoezi kuna faida inayopungua. Kama tayari unafanya dakika 300 kwa wiki na mizani haisogei, dakika ya 301 haitakuokoa. Jibu liko kwenye sahani.

"Nilipungua vizuri, sasa kilo zinarudi"

Hapa ndipo mazoezi yanapostahili heshima yao yote.

Kwanza hesabu ndogo. Aliyetoka kilo 85 akafika 75 anabeba mwili mdogo, kwa hiyo matembezi yaleyale kwa muda uleule yanamgharimu nishati pungufu kwa kama asilimia 12. Njaa nayo huwa imeongezeka, kwani mwili haufurahii kupoteza akiba. Kilichokuwa kikimpunguza jana kinaweza leo kikatosha kumsimamisha tu, na kesho kisitoshe.

Pili, aliyepungua kwa kasi kubwa anaweza kukuta mwili umejibana kupita ukubwa wake. Mwaka 2016 Kevin Hall alichapisha vipimo vya watu 14 walioshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito Marekani. Miaka sita baada ya shindano, miili yao katika mapumziko ilikuwa ikitumia takriban kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa, na wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo. Taarifa nyingine ya kundi hilohilo, iliyofuata mwaka 2017, huwa haisimuliwi sana: waliofaulu kuzuia uzito ni wale walioongeza shughuli za mwili kwa kiasi kikubwa. Tofauti ya chakula haikueleza waliofaulu na walioshindwa.

Kwa hiyo dozi ya kuulinda uzito ulioshushwa ni kubwa kuliko ile ya afya ya kawaida, na watu wengi hawaambiwi. Pendekezo la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2020 kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na kazi ya misuli angalau siku mbili. Aliyepungua na hataki kurudi alenge kati ya dakika 200 na 300. Daftari la Marekani linalofuatilia watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mzima au zaidi, lililoanzishwa mwaka 1994, linaonyesha kwamba wengi wao hufanya kama saa moja ya shughuli kwa siku, kutembea kukiwa ndiko kumewapendeza zaidi, na wengi hujipima angalau mara moja kwa wiki.

Rekebisho: weka mpaka, tuseme kilo mbili juu ya uzito unaoulinda. Wastani wa wiki ukiuvuka mara mbili mfululizo, rudisha dakika zilizopotea. Karibu kila mara zimepotea, tena kidogo kidogo: Jumamosi iliyokuwa ya dakika 60 imekuwa ya 35.

"Mizani ileile, lakini nguo zinabana kiunoni"

Mafuta yameingia, misuli imetoka, jumla haijabadilika. Baada ya umri wa miaka 30 mtu asiyetumia misuli yake huanza kuipoteza taratibu, na anayetembea tu bila kunyanyua chochote hajazuia hilo vya kutosha.

Usikimbilie kusema ni umri umepunguza kasi ya mwili. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, ukiwa na vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, ulionyesha kwamba matumizi ya nishati, yakilinganishwa na ukubwa wa mwili, hubaki karibu palepale kati ya miaka 20 na 60. Kinachobadilika miaka ya arobaini ni kiti, gari, mikutano na usingizi.

Fanya kazi ya misuli mara mbili au tatu kwa wiki: kuchuchumaa na kuinuka, pushapu (anza ukiegemea ukuta kama sakafu ni ngumu), kuinua nyonga ukiwa umelala chali, kuvuta au kunyanyua kitu kizito kuelekea kifuani. Uzito uwe ule unaokuacha na marudio mawili au matatu tu kabla ya kushindwa. Ukimaliza seti ukiwa bado unapiga soga, ni mwepesi mno. Mazoezi ya tumbo hayachomi mafuta ya tumbo. Yanaimarisha misuli iliyo chini yake, mafuta yanaondoka mwili wenyewe unakotaka.

Kinyume chake, mizani ileile huku nguo zikilegea, si kasoro. Funga ukurasa huu.

"Kila nikianza, naacha"

Ukaguzi wa kwanza ni kasi. Ukiwa kwenye mazoezi ya wastani unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukishindwa kumaliza sentensi, umeshaingia kwenye mazoezi makali, na anayeanza hivyo kila siku huacha ndani ya mwezi, wala simlaumu. Punguza mwendo mpaka sentensi zirudi.

Ukaguzi wa pili ni ratiba inayodai mtu ambaye wewe siye. Alfajiri saa kumi na moja ni wakati mzuri kwa anayelala saa tatu usiku. Kwa anayelala saa sita ni adhabu. Hakuna saa takatifu ya kufanya mazoezi. Iliyo bora ni ile ambayo siku yako huwa haiiibi. Chunguza wiki mbili zilizopita: ulikosa siku zipi, na nini hasa kilitokea saa hiyo? Kama ni kitu kilekile kila mara, shida si uvivu, ni mgongano wa ratiba. Hamisha.

Tatu ni kutokuwa na mpango wa siku mbaya. Tengeneza toleo dogo la mazoezi yako, la dakika kumi, lisilohitaji kutoka nyumbani wala kubadili nguo, na liamuliwe kabla ya siku mbaya kufika. Mvua, mgeni, maumivu ya kichwa: fanya hilo dogo. Kalori zake ni chache; kazi yake ni kuzuia siku moja isizae wiki tatu.

Na uwape mazoea muda. Phillippa Lally na wenzake mjini London walifuatilia watu wakijijengea tabia mpya za kila siku. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo lifanyike bila kulazimishana, lakini wapo waliochukua 18 na makadirio kwa wengine yalifika 254. Kukosa siku moja hakukuharibu mchakato. Ule msemo wa siku 21 uupuuze.

"Nataka, ila mwili unauma"

Misuli inayouma pande zote mbili, ukianza kuisikia kesho yake na ikaisha ndani ya siku tatu hivi, ni kawaida ya kazi mpya. Tembea polepole, itapita. Maumivu ya sehemu moja, yanayochoma, yanayoongezeka kadiri unavyoendelea, hayo ni jeraha. Kisigino kinachouma kwa hatua za kwanza asubuhi kisha kikapoa kidogo kwa kawaida ni tishu ya wayo iliyozidiwa. Ugoko unaouma kwa mbele hutokea kwa aliyeongeza mbio ghafla. Kwa yote mawili, punguza umbali, badili kwa baiskeli au kuogelea kwa wiki kadhaa, kisha ongeza kidogo kidogo. Kiungo kikivimba, kikishindwa kubeba uzito, au maumivu yakikuamsha usiku, muone daktari.

Maumivu au mbano kifuani, kizunguzungu, kuzimia, au pumzi kukatika kuliko kawaida yako: simama papo hapo, utafute huduma ya haraka. Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo aongee na daktari kabla hajaingia kwenye mazoezi makali. Kutembea kwa kawaida kunaruhusiwa kwa karibu kila mtu.

"Mchana najizuia, usiku njaa inanishinda"

Angalia usingizi kabla ya kuangalia jokofu. Vijana waliolala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, siku mbili mfululizo, katika maabara ya Chicago, utafiti uliochapishwa mwaka 2004, walipanda homoni ya njaa kwa asilimia 28 na kushuka ile ya shibe kwa asilimia 18. Anayekata saa mbili za usingizi ili apate muda wa mazoezi anajirudisha nyuma kwa mlango mwingine. Lenga saa saba au zaidi. Halafu angalia kama mlo wa mchana ulikuwa na protini ya kutosha, maana mlo mwepesi mno mchana ndio huzaa njaa ya saa nne usiku.

"Nimekagua yote"

Sasa tazama dawa. Zinazoweza kuongeza uzito ni pamoja na steroidi kama prednisolone zinapotumiwa kwa muda mrefu, insulini, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama olanzapine, za sonona kama mirtazapine, ya kifafa iitwayo sodium valproate, na sindano ya uzazi wa mpango kwa baadhi ya wanawake. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Andika tarehe uliyoanza kila moja, iweke sambamba na tarehe uzito ulipoanza kupanda, umpelekee daktari karatasi hiyo. Mara nyingi kuna mbadala.

Magonjwa ni machache kuliko watu wanavyodhani, ila yapo. Tezi ya shingoni ikilegea huja na uchovu, kuhisi baridi wenzako wakiwa sawa, choo kigumu na ngozi kavu. Kipimo chake ni cha damu. Mwanamke mwenye hedhi zisizo na mpangilio, chunusi na nywele kidevuni aulizie kuhusu vifuko vya ovari. Kupanda kwa ghafla, kilo kadhaa ndani ya siku chache pamoja na miguu kuvimba au kukosa pumzi ukilala, hakuhusiani na mafuta hata kidogo. Huenda moyo, figo au ini vinazuia maji, na hilo halingoji wiki ya pili ya wastani.

"Mimi ninashuka tu"

Uzito wa afya una mpaka wa chini pia, na kundi hili husahaulika kwa sababu watu hulipongeza. Ukipoteza asilimia tano au zaidi ya uzito ndani ya miezi sita hadi kumi na mbili bila kukusudia, mazoezi yasitwishwe lawama kabla ya vipimo: kisukari, kifua kikuu, tezi iliyozidi kasi, matatizo ya tumbo na saratani vyote huanza hivyo wakati mwingine. Kilo 80 kwenda 76 zinatosha kukupeleka hospitali.

Kama vipimo ni safi, kagua kama unakula kulingana na kazi unayoupa mwili. Dalili za upungufu ni uchovu usioisha kwa mapumziko, majeraha yanayojirudia, baridi, hasira za karibu, na kwa mwanamke hedhi kukoma. Hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo na hakuna mimba, mifupa nayo imeshaanza kulipa. Punguza mazoezi makali, ongeza mlo mmoja kwa siku, na kama wazo la kupumzika siku moja linakupa hofu au unafanya mazoezi ili kufidia kila unachokula, mweleze daktari hilo kwanza, kabla ya kumtajia kilo.